Usichemshe Kabisa

Filemoni hakuuua mti wa mama yake Stella kwa shoka. Shoka lina kelele, na Filemoni alikuwa mtu wa utaratibu. Alichukua panga, akauchubua gome mduara mzima chini kidogo ya usawa wa goti, polepole kama mtu anayemvua mtoto soksi, kisha akalipaka lile donda oili chafu ya pikipiki lisije likapona. Alipomaliza aliokota matunda yote yaliyokuwa chini, akatikisa matawi, akaokota tena, akajaza gunia moja na nusu. Akapakia kwenye pikapu yake, huyoo, Makambako.

Wenye nyumba walikuwa Manda, kule ziwani, kwenye msiba wa mjomba. Waliporudi siku ya nne, Oktavia, mama yake Stella, alipitiliza mlango na mzigo wake kichwani mpaka chini ya mti. Hakulia. Aligusa pale palipochubuliwa, akanusa vidole, akasema, "Oili."

Kisha akautua mzigo.

Mti huo wilaya nzima hakukuwa na wa pili. Pale kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe, watu waliuita mti wa rozari. Sista Jasmine, nesi Mhindi aliyetumikia zahanati ya misheni miaka mingi, ndiye aliyempa Oktavia kokwa tatu kutoka kwao. Alimwambia kwao unaitwa rudraksha, na Wahindu huzivaa mbegu zake shingoni na kusali nazo. Ni mti ambao haupukutiki. Mwaka mzima ni kijani, isipokuwa jani moja moja lililozeeka, ambalo huwa jekundu kama pilipili kabla ya kuanguka. Tunda lake ni la buluu, buluu ya sweta za shule, na ukilimenya unakuta kokwa la makunyanzi lenye mifereji mitano kutoka juu hadi chini. Oktavia alipoihesabu ile mifereji alipiga ishara ya msalaba. Rozari ina makumi matano. Akasema mti huu umeshabatizwa, kilichobaki ni kuupanda.

Kati ya kokwa tatu liliota moja. Stella alikuwa darasa la kwanza, na aliuonea wivu ule mche kwa muda mrefu, maana sakitu ya Juni, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilipoanguka mche ulifunikwa blanketi, yeye akaambiwa ajikunyate. Miaka saba baadaye ukazaa. Kuanzia hapo, kila mtoto wa pale misheni aliyepokea Komunyo ya Kwanza alivishwa rozari iliyotungwa na Oktavia kwa mbegu za mti huo. Haziuzwi. Ukitaka, rudi ukawe mtoto.

Filemoni yeye aliingia kama mchumba. Alikuwa na kitalu kikubwa cha miche ya miwati na misindano pale Makambako, alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa na mfanyabiashara wa kuongoka, na mashati yake yalikuwa na pasi. Alipokuja kujitambulisha pamoja na dada yake Irine, aliuzunguka mti mara nne na akamtazama Stella mara moja.

Stella, ambaye ulimi wake ulijulikana kuanzia misheni mpaka lile duka la stesheneri alilofanyia kazi mtaa wa Ramadhani mjini, alimwuliza mbele ya wazee, "Filemoni, umekuja kuoa mtu au mti? Niambie mapema, nijue nani ashonewe shela."

Wazee walicheka. Filemoni hakucheka, na Stella angejua kusoma alama angeishia hapo. Uchumba ulidumu mwaka mmoja. Filemoni alipomwomba Oktavia amwachie mbegu zote za msimu akaoteshe miche ya kuuza, Oktavia alisema mbegu hizo zina watoto wanaozisubiri. Filemoni alinuna, akaacha kupiga simu, uchumba ukafa bila hata kuandikiwa barua. Miezi miwili baadaye ndipo pikapu ikaja wakati hawapo.

Wakaenda ofisi ya kijiji. Jirani alikuwa ameona pikapu nyeupe ikitoka.

"Pikapu nyeupe Njombe hii zipo ngapi?" mwenyekiti aliuliza. "Ulimwona dereva?"

"Sikumwona, niliona nyuma ya gari."

"Sasa nyuma ya gari inashtakiwaje? Mama Stella, pole sana. Hili tumwachie Mungu."

"Mwenyekiti, Mungu kijiji hiki tumemwachia mengi," Stella alisema. "Tumpe na muhuri kabisa."

Mama yake alimfinya. Wakarudi nyumbani.

Katikati ya Mei mti ambao haukujua kupukutika ukawa mwekundu wote kwa mara moja. Ulipendeza, hilo ndilo lililomuuma Stella. Wapita njia walisimama kuupiga picha. Kisha majani yakaanguka kwa juma moja, yakabaki matawi, na Oktavia akafagia bila kuinua macho.

Wiki hiyo hiyo kule Makambako, kando ya barabara kubwa, kikasimama kibao: MITI MITAKATIFU KUTOKA INDIA, MBEGU ZIMEFIKA KWA NDEGE. Watu wakaandikisha majina, kuanzia jumuiya za kanisani mpaka mwalimu mkuu mmoja na mwenye gesti fulani. Stella aliletewa picha ya kibao na mteja aliyekuja kutoa kopi. Aliitazama mpaka mashine ikameza karatasi.

Tangu hapo akawa anataka kitu kimoja tu. Hakutaka fidia, na msamaha alikuwa amepanga kumnyima hata akiuomba kwa magoti. Alitaka Filemoni aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, mbegu zile alizitoa wapi. Mwenyekiti alitaka shahidi aliyemwona dereva; Stella angemleta dereva mwenyewe.

Tatizo lilikuwa dogo na baya: mbegu zilizokuwa kwenye magunia ya Filemoni ndizo za mwisho. Ghalani kwa Oktavia zilibaki zile zilizotobolewa, na mbegu iliyotobolewa haioti, inasaliwa tu.

Simu ilikuja siku ya Jumatatu.

"Stella, kamwene! Habari za siku nyingi."

"Nzuri. Nani mwenzangu?" Namba alikuwa ameifuta, sauti hakuweza.

"Aah, Stella bwana. Filemoni. Kuna mbegu zangu hapa ngumu kidogo, zimetoka India. Nikakumbuka mama alikuwa na mti unaofanana. Mlikuwa mnaoteshaje?"

Stella aliondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Mwizi anauliza maelekezo ya matumizi!

"Nitakuja mwenyewe," alisema. "Mambo ya mbegu hayasemwi kwenye simu."

Alifika Makambako kesho yake upepo ukivuma ule upepo wao wa kumvua mtu kilemba. Filemoni alimpokea kwenye kitalu, shati limenyooka, viriba elfu mbili, vile vifuko vya plastiki vya miche, vimejazwa udongo na kupangwa mistari kama kwaya. Irine alikuwepo na daftari lake kubwa la kumbukumbu za kitalu. Irine alikuwa mpole, na kila kilichosemwa pale alikiandika, kwa sababu kaka yake alikuwa na desturi ya kukana.

"Nipe mbegu thelathini," Stella alisema, "nikupe njia yote tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Thelathini za nini?"

"Mama akae nazo. Amebaki na mti mkavu."

Filemoni hata hakupepesa. "Pole yake. Miti nayo huugua." Akaingia stoo, akatoka na ungo, akachambua thelathini kwa mkono wake: zile ndogo, zilizopinda, zenye mifereji minne badala ya mitano. Stella alizipokea kwa mikono miwili kwa adabu zote, akazifunga kwenye kitambaa, akakificha kifuani. Ndipo akakaa.

"Andika, dada Irine. Chukua tupa, ile ya kunolea panga. Sugua kokwa kwenye mshono mmoja mpaka uone weupe, usifike ndani. Loweka kwenye maji baridi siku saba, na kila siku ubadilishe maji. Sia kwenye mchanga, siyo udongo mzito. Weka penye joto, Juni na Julai usiache nje. Halafu subiri. Miezi minne, mitano, hata sita. Usifukue kuangalia."

"Miezi sita!" Filemoni alisema.

"Na usichemshe," Stella alisema. "Hiyo iandike peke yake. Usichemshe kabisa."

Hapo ni lazima ieleweke. Kila aliyezaliwa nyanda zile anajua kuotesha miwati. Mbegu ya mwati ina ganda gumu, ukiisia hivi hivi inalala ardhini miaka. Kwa hiyo unaimwagia maji yanayotokota, unaacha yapoe, unasia, baada ya wiki mbili kitalu kimechipua. Watoto hujifunza hilo kabla ya hesabu ya kugawanya. Filemoni alijenga nyumba ya bati la rangi kwa maji ya moto. Kumwambia mtu huyo mbegu ngumu haichemshwi ni kumwambia ngazi inapandwa kwa mgongo.

Na Stella alimjua. Mwaka mzima wa uchumba alimwambia usipite njia ya bondeni ina tope; alipita, wakaja kumvuta kwa trekta. Alimwambia ulanzi huo, pombe ya mwanzi, una siku nne, umeshakuwa mkali. Aliunywa wote, akalala kwenye zizi la mbuzi na shati lake la pasi. Ushauri wa Stella kwake ulikuwa mtego siku zote, kwa sababu yeye angekuwa Stella angetega.

Basi Stella alisema kweli tupu, neno kwa neno. Uongo alioutia ulikuwa mmoja tu, na aliutia kwa meno: alipomaliza kusema "usichemshe kabisa", alitabasamu kidogo, akaangalia pembeni haraka, kama mtu aliyeshikwa.

Filemoni aliliona lile tabasamu. Uso wake ukang'aa.

"Asante sana, Stella," alisema. "Umenisaidia kuliko unavyojua."

Nyumbani Oktavia alizipanga zile thelathini juu ya kanga, akazigusa moja moja.

"Ulimwambia kweli?"

"Neno kwa neno, mama."

"Na ulicheka?"

"Kidogo."

Oktavia alinyanyuka kwenda kuchukua tupa. "Basi amekwisha," alisema.

Siku tatu baadaye Stella akiwa dukani alipata ujumbe wa Irine: *Ametoa ile sufuria kubwa ya kupikia harusini. Kuni zinawaka. Nilimkumbusha ulichosema, akasema niandike vya maana.*

Stella alicheka mpaka mteja aliyekuwa anachapiwa barua ya kuomba kazi akauliza kama amekosea jina la mkurugenzi. Kisha kicheko kikakatika. Aliiona sufuria. Aliona mbegu elfu kadhaa za ule mti aliouonea wivu utotoni zikirukaruka kwenye maji ya kutokota, na kila moja ilikuwa mti ambao hautakuwepo. Angeweza kumpigia Irine simu. Mkono ulifika kwenye simu, ukaishika, ukaiweka ndani ya droo, ukaifunga droo.

Akamaliza kuchapa barua.

Zile thelathini zililelewa kama watoto njiti. Oktavia alizisugua kwa tupa, akazilowesha siku saba, akazisia kwenye beseni la mchanga. Asubuhi beseni lilitolewa uani jua likishapanda; jioni liliingizwa jikoni, likalala karibu na mafiga. Juni sakitu ilitandaza chumvi yake juu ya nyasi na maji ya ndoo yakaganda juu, lakini lile beseni lilikuwa na joto kama tumbo la paka. Wageni waliokuja jikoni waliambiwa wasogee, waliache beseni liote moto.

"Mama, na mimi nina baridi."

"Wewe umeshaota," Oktavia alijibu. Ni utani wake wa kwanza tangu Manda.

Julai, hamna kitu. Agosti, hamna kitu. Stella alitaka kufukua aangalie, akapigwa mwiko mkononi. Mwishoni mwa Septemba mchanga ukapasuka mahali pamoja, kikatoka kichwa kilichoinama, na kokwa bado limekikalia kama kofia. Mpaka Novemba zilikuwa zimeota kumi na moja. Panya alikula mbili. Zikabaki tisa, na nne kati ya hizo zilitokana na zile zilizopinda.

Makambako nako kazi iliendelea. Filemoni alimwagilia viriba elfu mbili kila siku, kila kimoja na kokwa zake kadhaa. Waliojiandikisha walipopita kuulizia, aliwaambia mti mtakatifu hauna haraka. Aliweka dari la nyasi, akatia mbolea. Desemba viriba viliota magugu, akafurahi siku mbili, mpaka Irine alipomwambia hiyo ni mashona nguo. Alitangaza kwamba miche itakabidhiwa mwezi wa tatu, wakati wa mvua za kupandia. Labda alidhani mbegu nazo zinasoma tangazo.

Siku ya makabidhiano Stella aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la Krismasi. Alikuta kitalu kimejaa watu na miavuli, wamesimama mbele ya viriba elfu mbili vya udongo safi, uliomwagiliwa vizuri, mtupu. Mbele alisimama katekista wa pale, mzee Odilo, rozari ya mbegu shingoni, aliyekuwa amejiandikishia miche kumi na miwili kuzunguka kigango chake.

"Mwanangu Filemoni, miche iko wapi?"

"Iko chini, katekista. Inajiandaa."

"Miezi kumi? Hata binadamu anatumia tisa, tena na macho yake na kucha."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja alipiga goti, akachana kiriba, akatafuta kwenye udongo, akatoa kokwa zima kama lilivyowekwa. Mzee Odilo aliliweka juu ya jiwe, akaligonga kwa jiwe jingine. Ndani hamkuwa na kiini. Palikuwa na uji mweusi, uliooza zamani. Wakapasua la pili, la tatu. Uji.

"Hizi zilipikwa," alisema yule mama. Alikuwa ameotesha miwati maisha yake yote, alijua mbegu iliyozidi moto. "Filemoni, ulichemsha? Kama miwati?"

Filemoni alikwepesha macho, akayapitisha chini ya miavuli. Na hapo akamwona Stella.

"Ni huyu!" aliruka. "Huyu ndiye aliyeniharibia! Alikuja hapa hapa akanielekeza uongo!"

"Dada Irine," Stella alisema kwa upole ambao hata yeye ulimshangaza, "daftari lipo?"

Lilikuwepo. Irine alifungua, akatafuta ukurasa kwa kidole, akasoma kwa sauti ya anayesoma somo kanisani: tupa, maji baridi siku saba, mchanga, joto. Akafika mwisho. "'Usichemshe. Usichemshe kabisa.' Chini yake nimeandika: kaka amesema anachemsha."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka stendi. Mwenye gesti alilazimika kushika mwamvuli kwa mikono miwili. Watu waliomwogopa Filemoni kwa bati lake la rangi walimcheka wakiwa wamejishika mbavu, na yeye akawa mwekundu, kisha wa kijivu, kisha akapoteza ule utaratibu wake wote.

"Alijua sitamwamini! Alisema kweli makusudi! Na mbegu zenyewe zilikuwa mbovu tangu mwanzo, mti wa mama yake ulikuwa mbovu, mimi mwenyewe niliona wakati naukata gome..."

Alisimama. Alisikia alichosema nusu sekunde baada ya watu wote.

"Si ulisema zilikuja kwa ndege?" mwalimu mkuu aliuliza.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Odilo alimgeukia Stella. "Binti, mti wa mama yako ni upi?"

"Ule wa rozari, pale misheni," Stella alisema. "Rozari uliyovaa, katekista, ni ya mwanao Rejoice, aliyesoma kwetu misheni. Alivishwa na mama siku ya Komunyo."

Mzee alishika shingo yake. Kisha akamwambia Filemoni, bila kupandisha sauti, kwamba atachana viriba vyote elfu mbili leo hii, mbele yao, na Jumapili watu wakitoka Misa atazirudisha mbegu kwa mwenyewe, kwa pikapu ile ile. Yeye mzee atakaa mbele pembeni ya dereva, ili safari hii dereva aonekane.

Filemoni alichana. Wengine walikwenda zao, wengine walibaki kumwigiza alivyoruka. Stella alinunua mahindi mawili ya kuchoma, akala moja lote, la pili akala nusu, akiwa amesimama pale pale. Alikuwa amejiandaa kuona huruma kidogo, akaisubiri, haikuja.

Jumapili pikapu nyeupe ilisimama mbele ya kisiki cha ule mti, uliokuwa umekatwa baada ya kukauka, mwenyekiti wa kijiji akiwa miongoni mwa waliotoka kanisani. Mzee Odilo alimweleza kilichosemwa Makambako, na mwenyekiti, baada ya kukohoa, akasema jambo hilo sasa litaenda mbele na kwamba nyuma ya gari imepata uso. Filemoni alishusha magunia kwa mgongo wake. Oktavia alifungua moja, akatoa gao la kokwa, akalisugua kwa kidole gumba.

"Umezichemsha vizuri," alisema. "Zimetakata. Mimi huwa nazisugua kwa brashi wiki nzima. Hizi ni kutoboa tu." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Watoto wa Komunyo mwaka huu ni sitini na wawili. Zitatosha mpaka mche huu uzae."

Karibu na kisiki, ndani ya uzio wa mianzi, mche wa kwanza kati ya ile tisa ulikuwa umeshapandwa, majani yake manane yakimetameta. Filemoni aliuona. Akausogelea uzio.

"Mama," alisema, "mmoja tu. Hata mdogo. Niwaonyeshe watu."

"Andikisha jina," Stella alimjibu. "Mti mtakatifu hauna haraka."

Kisha akatoa mfukoni kitu alichokitunga Jumamosi, kwa mbegu alizookota chini ya viriba siku ile. Ulikuwa uzi mmoja wenye kokwa kumi, hakuna zaidi. Akauweka kwenye kiganja cha Filemoni, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Mimi Mlutheri," Filemoni alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Usisali," Stella alisema. "Ni kumi, moja kwa kila mwezi uliomwagilia udongo. Wewe hesabu tu."